Unyayo wa Kulwa Chini ya Beseni

Kabla hamjaanza kuipanga upya ile ofisi ya michezo, na najua mnawashwa kuipanga upya, nisikilizeni. Kabati bovu litoeni. Meza yangu pasueni kuni. Lakini picha ya yule kijana mwenye fulana ya taifa, iliyo juu ya dirisha, iacheni palepale, na asije mtu akaandika chini yake neno "marehemu". Mgeni mmoja wa mkoani alishataka kuliandika, kalamu ya wino mzito anayo mkononi, nikampokonya. Akaniita mama mkorofi. Haya, mkorofi ndiyo. Sasa nimestaafu, kalamu za watu siwezi tena kuzipokonya, ndiyo maana nawaandikia.

Wengi wenu mnaniita Mwalimu Kabula bila kujua nilifundisha nini. Nilikuja Bariadi kufundisha michezo, miaka ile mji wenyewe unaumaliza kwa mguu kabla chai haijapoa. Jioni ya kwanza nimevaa sketi ya marinda na filimbi shingoni, nikauliza uwanja wa riadha uko wapi. Nikaelekezwa hadi kwenye eneo la wazi lenye vumbi na mavi ya ng'ombe. Mzee mmoja mrefu, mkavu, alikuwa anarudi kinyumenyume huku anaburuta tawi la mgunga, miiba yake ikifuta vumbi.

"Mwadila, baba," nikamwamkia. "Naomba kuuliza uwanja wa riadha."

"Mwadila, mayu. Umesimama katikati yake," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Sogea nifagie."

Huyo ndiye Mzee Jilala, na kama kuna kitu chochote nilichowafundisha kikawafaa, kilitoka kwake. Ujanani alikimbia masafa marefu. Aliteuliwa kwenda Olimpiki, ile ambayo nchi nyingi za Afrika ziligoma kwa ajili ya mambo ya makaburu wa Afrika Kusini. Koti la timu ameshapimwa, sanduku limefungwa, wakaambiwa fungueni masanduku, hatuendi. Hakuwahi kulaumu. "Sababu ilikuwa ya haki kabisa," alikuwa akisema, "ila miguu haikuelewa." Koti lile alilivaa kanisani tu, na siku ya Krismasi.

Kufagia uwanja kulikuwa na sababu mbili, na zote mbili alinipa siku ileile. Ya kwanza ni ya kazi. Ukifagia jioni, asubuhi mkimbiaji akipita juu ya vumbi safi unamsoma kama unavyosoma gazeti. Unaona nani anatua kisigino, nani anavuta mguu wa kushoto, nani jana amekunywa pombe ya mtama akakuambia ana malaria. Nyie mna simu zinazowaambia hadi mapigo ya moyo. Mimi chombo changu kikubwa kilikuwa vumbi, na saa ya kukimbilia niliyopewa na serikali ilikuwa inasimama yenyewe inapojisikia.

Sababu ya pili aliisema kwa sauti ya chini zaidi. Alikulia kwenye vikundi vya ngoma vya Kisukuma, vile vinavyoshindana baada ya mavuno ya pamba, na huko mchezaji hodari haachi unyayo wake ukalala wazi. Mtu akiuchota anakuwa ameuchota mguu wako. Unacheza, lakini huchezi wewe. "Mkimbiaji aondoke na miguu yake yote," alisema Mzee Jilala. "Asiache hata mmoja nyuma." Nikacheka. Nilikuwa nimetoka chuo, nilicheka vitu vingi.

Sikucheka muda mrefu. Mzee alinifundisha ukocha kwa kijiti, akichora ardhini, na kila mazoezi lazima aingize historia. Alituchorea Wagiriki wa kale walivyokimbia kwenda na kurudi kwenye uwanja mnyoofu, tena uchi wa mnyama, na wasichana wangu wa shule wakaziba macho huku wanachungulia. Alituambia Olimpiki ya kwanza ya zama hizi watu walizunguka uwanja kwa kufuata mshale wa saa, baadaye ndipo wakageuza, mkono wa kushoto ukawa ndani. Akatueleza kwamba Michezo ya Jumuiya ya Madola ilianza ikiitwa ya Dola ya Uingereza, sisi tukiwa mali ya mtu, na kwamba tulipoanza Michezo yetu ya Afrika kule Brazzaville watu walilia jukwaani. Alieleza pia jinsi wakubwa wa Olimpiki walivyokataza wanawake kukimbia masafa ya zaidi ya nusu raundi kwa miaka mingi, eti watazimia. Nikamwambia waje huku Zagayu waone mwanamke anavyopanda mlima na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, tuone nani atazimia.

Jambo moja alilisema mara nyingi kuliko yote, na mimi sikulipenda. Alisema michezo ya watu wa kale ilianzia misibani. Shujaa akifa, wenzake wanazika, halafu wanakimbia. "Kwa nini wakimbie, mzee?" nikamuuliza siku moja. Akafikiri. "Labda walitaka kuona kama na yeye atakuja," akasema, akaendelea kuchora.

Mzee Jilala alifariki kitandani kwake, ameshiba, tukamzika na koti lake. Baada ya hapo tawi la mgunga likawa langu.

Miaka ikaenda. Mkoa ukazaliwa, kule Lagangabilili ikajengwa ofisi mpya ya halmashauri, nami nikatolewa darasani nikawa afisa michezo, kazi ambayo nusu yake ni kuomba lifti. Hapo ndipo nilipowapata mapacha wa Sapiwi, Kulwa na Doto.

Niliwaona kwanza kwenye mashindano ya sekondari, wamevaa fulana za rangi moja, mmoja mbele mwingine nyuma yake, nikadhani macho yangu yameanza kuzeeka. Nyuso zao huwezi kuzitofautisha. Mama yao mwenyewe, Mama Minza, alikuwa akimuita mmoja wanaitika wote, na nina hakika walikuwa wanafanya makusudi. Mimi nilikuwa nawajua kwa nyayo. Doto anakanyaga na vidole vyote vitano. Kulwa kidole kidogo cha mguu wa kulia hakikugusa chini kabisa. Alizaliwa kimepanda juu ya mwenzake. Kwa hiyo walipojaribu kunidanganya, mmoja akikimbia badala ya mwenzake aliyechoka, nilikuwa natazama chini tu. "Doto, rudi. Kulwa, toka kwenye kivuli uje ukimbie mwenyewe." Waliniogopa kama mchawi.

Kitu kingine niligundua polepole. Siku moja Kulwa alichomwa na mwiba upande wa pili wa uwanja, mbali, akanyamaza kimya. Doto alikuwa kando yangu anakunywa maji. Akainua mguu wake wa kulia juu, akasema, "Ah! Huyu naye hatazami anapokanyaga." Nikamuuliza nani. Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. Nikaona ni utani wa mapacha, nikaendelea na kazi. Lakini baadaye nilizoea kumuuliza Doto kama kaka yake ameumia wapi, na sikumbuki siku aliyokosea.

Wote walikuwa wazuri, ila Kulwa alikuwa na kitu cha ziada kwenye raundi za mwisho, kile ambacho kocha hafundishi. Alichukuliwa timu ya taifa. Akaenda kambini, akarudi, akaenda tena, na hatimaye akateuliwa kukimbia mita elfu kumi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ng'ambo. Sapiwi nzima ilichinja. Doto alicheza ngoma mpaka akatoka jasho la masikio. Nilimuuliza kama ana wivu. "Mwalimu, si na mimi naenda?" akasema.

Siku ya kuondoka nilikwenda nyumbani kwao na gari la halmashauri. Ilikuwa asubuhi, manyunyu yameacha uwanja wa nyumba umelowa, udongo mbichi. Kulwa akaoga kwenye beseni lao la bati, lile kubwa la maua mekundu, akala michembe ya viazi na karanga, mama yake akambariki. Akataka kutoka nje bila viatu mpaka garini, avae huko, asije akachafua raba mpya. Mimi nikamfuata nyuma na tawi la mgunga, kama ilivyo desturi yangu, nafuta nyayo zake kuanzia mlangoni.

Nilipobakiza unyayo mmoja, wa kulia, Mama Minza akanishika mkono.

"Huo niachie, Mwalimu."

"Mayu, hauachwi. Unajua."

"Nakuomba. Mmoja tu. Nisibaki na watoto nusu."

Akageuza beseni lile la maua, likiwa bado na unyevu wa maji ya kuogea, akalifunika juu ya unyayo, na juu yake akaweka jiwe la kusagia. Kabla halijafunika niliutazama ule unyayo vizuri. Kisigino kilikuwa upande wa nyumba, vidole vinatazama barabarani, na kidole kidogo hakipo. Kulwa aliona, akacheka, akasema mama anataka kumroga arudi haraka. Ningekuwa mimi mama yake ningefanya vilevile, na mbaya zaidi ningefunika yote.

Mbio tuliziangalia ofisini, mchana, televisheni imewekwa juu ya lile kabati bovu. Tulijaa mpaka madirishani. Doto alikaa mbele sakafuni, amekunja miguu. Kulwa alikimbia vizuri, katikati ya kundi, mtulivu, akisubiri kama nilivyomzoeza. Zikabaki raundi chache. Nikaanza kusema peke yangu, "Sasa, baba, sasa toka."

Doto akanyoosha miguu yote miwili kwa pamoja. "Amesimama," akasema.

"Hajasimama, tazama," mtu akamjibu. Na kweli kwenye televisheni Kulwa alikuwa anakimbia. Doto alikuwa ameshika mapaja yake, macho hayako kwenye televisheni. Halafu tukaona. Kulwa akageuza kichwa kutazama nyuma, kama mtu aliyeitwa jina. Nyuma yake hapakuwa na mkimbiaji karibu. Akapunguza mwendo, akatoka kwenye njia, akatembea kuelekea kwenye lango lile la chini ya majukwaa ambalo wanariadha huingilia, na kamera ikaendelea na waliokuwa wanaongoza. Vijana wa ofisini walisema matangazo ya ng'ambo huchelewa kidogo kufika. Nawaamini. Bado hawajanieleza Doto aliyapata wapi yale ya mapema.

Kulwa hakuonekana tena. Viatu vyake vya mbio vilikutwa ndani ya lango, vimepangwa kisigino kwa kisigino, kamba zimefunguliwa. Kitambulisho cha shingoni kilikuwa juu yake. Viongozi wa msafara walitoa taarifa polisi wa kule, wakamtafuta kwenye kijiji cha wanamichezo, vituoni, hospitalini. Mnajua huwa inatokea. Kijana anafika nchi ya watu, anaona mji, anaingia mitaani kutafuta maisha, na baada ya miaka unamsikia anaosha magari mahali. Niliomba iwe hivyo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliomba mkimbiaji wangu awe mtoro.

Lakini mtoro hupiga simu nyumbani. Kulwa hakupiga. Mama Minza akaendelea kumpakulia ugali, chakula kinalala, asubuhi kinakwenda kwa kuku. Mvua za vuli zikaja, za masika zikaja, pamba ikapandwa na kuvunwa, na beseni la maua likabaki uwanjani na jiwe lake, watu wakilizunguka kama wanavyozunguka kaburi. Mama alikuwa haligusi. Mtoto wa jirani akilisogelea anafukuzwa na fimbo. Alikuwa anaazima la jirani la kuogea, akasema hilo lina kazi.

Doto aliacha kukimbia. Si kwamba hakutaka. Alikuwa anaamka asubuhi misuli ya miguu imekaza, amechoka kama mtu aliyetembea safari. Nilimpeleka hospitali, wakamkuta mzima. "Anatembea, Mwalimu," aliniambia tukiwa tunarudi. "Hakimbii tena. Anatembea tu, na sijui anakwenda wapi." Nikamwambia anyamaze, kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeogopa na mimi ndiye mkubwa pale.

Aliyeyafikisha mambo ukingoni ni mdogo wa baba yao, Masanja, tuliyemwita Baba Masanja. Baba wa mapacha alishafariki zamani, hivyo huyo baba mdogo ndiye msimamizi wa kaya. Si mtu mbaya, msimchukie. Hoja yake ilikuwa ya kawaida: mtu aliyepotea na asiyeliliwa anaharibu nyumba. Doto hawezi kuoa kaka yake akiwa hana jina, wala hai wala maiti. Doto anaisha miguu. Akasema chanzo cha yote ni lile beseni. "Shemeji amemshika mtoto mguu," aliniambia. "Hawezi kuja, hawezi kwenda. Tufute ule unyayo, tulie, tumalize." Mama Minza akajibu kwamba wakiufuta Kulwa hatakuwa na njia ya kurudia, na kwamba atakayeligusa beseni atamkata mkono. Na alikuwa na panga, jamani.

Wiki ile ya mwisho ya kazi yangu, mnanipangia keki na risala, nikaitwa Sapiwi. Wamekubaliana jambo moja tu: beseni lifunuliwe, na mimi niwepo niutazame unyayo, maana hapakuwa na mtu mwingine anayejua mguu wa Kulwa kama mimi. Mama Minza alikubali kwa sharti moja. Kama unyayo umefutika wenyewe, kwa mchwa au kwa unyevu, mwanawe amekufa na atamlilia. Kama upo, msiba haupo. Baba Masanja hakuwa na shaka utakuwa umeliwa na mchwa. Alikuwa ameshaleta turubai la msiba, ametandaza chini ya mti wa mnyaa, masufuria makubwa yamepangwa ukutani, na ndugu wa Lamadi wameambiwa waje kesho yake na samaki.

Nilifika mchana, jua lipo wima. Tulikuwa wanne pale nyumbani, dereva kabaki garini: Mama Minza, Baba Masanja, Doto na mimi. Nawahesabia mapema ili msije mkaniuliza tena.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia.

"Mwadila, Mwalimu. Umekuja na macho yako?"

"Nimekuja nayo."

Baba Masanja akaondoa jiwe la kusagia. Lilikuwa limejichimbia, likaacha kutu ya duara juu ya yale maua mekundu. Mama Minza akapiga magoti akaliinua beseni mwenyewe, taratibu, kama anafunua mtoto aliyelala.

Unyayo ulikuwepo. Udongo wa kule mnaujua, ukilowa unashika kila kitu, ukikauka unakuwa tofali. Ulikuwa mkavu kabisa, mgumu, kingo zake hazijamomonyoka, hata vijiufa vidogo vya ukavu vimeupita katikati. Kidole kidogo hakipo. Nikataka kusema haya, ni wa Kulwa, kunjeni turubai.

Halafu nikaona kisigino.

Kisigino kilikuwa upande wa barabara. Vidole vilikuwa vinatazama mlangoni.

Nikapiga magoti. Nikagusa kingo kwa kidole, nikatafuta alama ya kuchimbuliwa, ya kumwagiwa maji, ya mkono wa mtu. Nimesoma nyayo maisha yangu yote ya kazi na nasema mbele ya Mungu, udongo ule haukuguswa tangu siku ulipokauka. Ila siku ulipolowa, mimi niliuona unatoka, na sasa ulikuwa unaingia. Tena kisigino kilikuwa kimezama kuliko vidole. Kulwa wangu alikuwa anatua kwa mbele, mwepesi. Huu ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Mwalimu," Mama Minza akaniuliza. Hakuuliza kama ni wa nani. Na yeye alikuwa ameona, alitaka tu kusikia kwa mtu mwingine. "Anatoka au anaingia?"

Baba Masanja alinitazama. Najua alichotaka niseme. Doto alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Anaingia, mayu," nikasema.

"Wabeja," akanijibu. Asante, basi. Akanyoosha mkono, nikampa tawi la mgunga, maana siku zote natembea nalo garini. Akaufuta ule unyayo kwa nguvu, mpaka udongo mgumu ukavunjika ukawa vumbi, pasibaki kitu. Baba Masanja akasema, "Shemeji!" kwa mshangao, kwani hilo ndilo alilokuwa anamwomba muda wote. Mama akainuka. Akalichukua beseni, akalisugua kwa majivu mpaka maua yakaonekana, akachota maji ya moto jikoni, akachanganya na ya baridi, akajaribu kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga.

Bafu lao liko pembeni ya nyumba, ukuta wa mabua ya mtama, mlango mmoja, na tulikuwa tunautazama. Aliingia na beseni na sabuni ya kipande, akatoka mikono mitupu. Akatundika taulo juu ya ukuta.

"Kulwa," akaita, sauti ya kawaida kabisa, ya mama aliyefanya hivyo kila jioni. "Maji tayari."

Akaja akakaa kwenye kigoda. Kuku waliokuwa wanaparua kando ya bafu wakaondoka wakaja upande wetu. Doto akainama, akajipapasa miguu, mapaja, mashavu ya miguu, halafu akaniangalia. "Imeacha kuuma," akasema. "Mwalimu, imeacha."

Ndipo tukasikia maji. Mtu anachota kwa viganja anajimwagia kichwani. Mara moja, kimya, mara ya pili. Nikageuka haraka kumtazama Doto, kwa mazoea yangu ya zamani ya kukamata mapacha. Doto alikuwa kando yangu, mikono yake mikavu. Chini ya ukuta wa mabua, kwenye kile kijifereji cha maji machafu, maji yakaanza kutoka, yana povu la sabuni, yakapita taratibu mpaka karibu na viatu vyangu. Yalikuwa mekundu ya udongo. Udongo wetu wa Sapiwi ni mweusi.

Baba Masanja akavua kofia. "Nani yumo?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Mwache aoge, shemeji," Mama Minza akasema. "Ametoka mbali."

Baba Masanja akarudi. Akasimama kidogo, hajui mikono aiweke wapi, kisha akaenda chini ya mnyaa akaanza kukunja turubai. Doto akamshikia upande wa pili.

Hayo ndiyo niliyonayo. Mkiniuliza Kulwa ni mzima au amekufa, nitawajibu kwamba msiba haukufanyika, Doto anakimbia tena, na mama yake bado anapakua sahani ile, lakini siku hizi hakibaki cha kuwapa kuku. Mengine sijui, kwa sababu wakati maji yanaendelea kumwagika nilimuaga mama, nikaingia kwenye gari, nikamwambia dereva aondoke. Nimekuwa kocha jasiri, waulizeni watu. Lakini sikubaki kuangalia nani atatoka bafuni.